Giza Kwenye Kanda ya Harusi

Watu wa Runzewe, nanyi wa Maganzo hadi Shinyanga mjini, sogeeni karibu. Habari hii si tamu na sitaipaka asali. Mwenye moyo mwepesi anaweza kuondoka sasa akachote maji, atatukuta tumemaliza. Ila kesho asije akasema kwamba hakuambiwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, pamba imeanza kuvunwa, na mji wa Runzewe ulikuwa umetulia kama mtu aliyeshiba. Davis alikaa mlangoni pa duka lake la picha, jirani na stendi, akisafisha deki ya kanda kwa kitambaa na spiriti. Ndani, mkewe Eunice alikuwa akishona sare za kwaya, na cherehani yake ilikuwa ikikimbia huku mwenyewe akiimba wimbo uleule wa hao wanakwaya. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mtu.

Davis kwao ni Songea. Alikuja huku miaka kumi na mmoja iliyopita kutafuta dhahabu, akashinda maduarani, yale mashimo ya wachimbaji, miezi sita, akaambulia kikohozi. Basi akashika kamera. Na tuseme ukweli, kazi aliijua. Kanda za zamani za harusi na za misiba, zile ambazo watu wamezificha masandukuni bila deki ya kuzichezea, yeye alizihamishia kwenye diski au flashi, na watu wakawaona tena marehemu wao wakicheka na kucheza ngoma. Wengine walilia palepale dukani. Jambo hilo likampa sifa, na sifa ikampanda kichwani. Juu ya mlango akatundika kibao cha maandishi mekundu: TUNAHAMISHA KANDA ZOTE, HATA ZENYE KUFULI.

Neno hilo kufuli nilifafanue mapema, maana ndilo lililomwaga damu. Zamani zilikuwako studio zilizoweka kinga kwenye kanda zao, ili mteja akitaka nakala ya pili arudi kwao, asiitoe kwa jirani. Kanda ya namna hiyo ukiitazama moja kwa moja kwenye runinga, picha ni safi kabisa. Lakini ukiinakili, mashine ya kurekodi inadanganyika. Inadhani mwanga ni mwingi mno, inaupunguza. Mara inadhani ni mdogo, inaupandisha. Nakala inatoka picha ikizama gizani na kuibuka, tena rangi imegeuka kuwa nyekundu. Dawa yake ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya deki na kompyuta, kikaisafisha picha njiani. Davis alikuwa nacho. Mwezi wa tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kiboksi kikaungua. Alikisukumia uvunguni, lakini maandishi ya mlangoni hakuyafuta.

Mchana huo waliingia watu wawili. Wa kwanza alikuwa mama wa miaka kama sabini, mwembamba, amejifunga kitenge cha buluu, macho yake mekundu kama ya akina mama wengi wa vijijini waliopika maisha yao yote kwa mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Nyuma yake alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Hodi humu, baba."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayefufua watu?"

Davis akacheka. "Nafufua picha, Mama. Watu ni kazi ya Mungu."

"Basi nifufulie mwanangu." Akafungua khanga aliyokuwa ameikumbatia, akatoa kanda nyeusi, kubwa kama tofali dogo. "Mimi ni Apolonia. Huyu ni Bujiku, mtoto wa mdogo wangu. Mama yao alifariki huyu bado ananyonya, nikawalea mimi, yeye na kaka yake Donatus. Humu ndani ni harusi ya Donatus. Mwaka ule alikuwa amepata dhahabu, akaleta wapiga picha kutoka Mwanza! Tulichinja ng'ombe wanne." Akaifunika kanda kwa kiganja. "Mwezi uliopita duara lilimfukia."

Bujiku akanena kwa mara ya kwanza. "Tulimtoa siku ya tatu, fundi. Uso haukuwa wa kutazamwa. Wanawe hawakumuaga. Tunataka wamwone alivyokuwa."

"Poleni sana," Davis akasema, na alikuwa anamaanisha. "Mtamwona."

"Na mimi nimo humo," Apolonia akaongeza, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Usinicheke lakini. Nilikuwa bado na meno yangu yote." Kisha akaweka mezani kifurushi cha michembe, vile viazi vikavu vya kutafuna, akasema ni vya kumpa fundi nguvu ya kazi. Bujiku akamshika mkono kumshusha ngazi ya duka, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Nawaomba mkumbuke mkono huo.

Jioni Davis alichomeka kanda kwenye deki, waya wa deki kwenye runinga, na harusi ikafunguka. Picha ilikuwa safi ajabu. Donatus alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyomzidi mabega, anacheka kila kamera ikimgeukia. Davis akafurahi. Akachomeka kompyuta ili anakili, na hapohapo picha kwenye kompyuta ikaanza kuzama. Sekunde kumi giza, sekunde kumi mwanga mkali, kisha wekundu. Akajua mara moja. Kanda ilikuwa na kufuli, na kiboksi kilikuwa uvunguni kimeungua.

Eunice aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Mbona wanazima na kuwaka kama taa ya bodaboda mbovu?"

"Kanda yenyewe ya zamani."

"Kwenye runinga mbona iko safi?"

"Eunice, shona nguo."

"Si uweke kamera mbele ya runinga uipige tu hivyohivyo? Haitakuwa nzuri sana, lakini watawaona watu wao."

Wazo hilo lilikuwa zuri, na Davis alilijua kuwa zuri, ndiyo maana likamuudhi. Kupiga runinga kwa kamera ni kazi ya wanagenzi, akasema. Yeye na maandishi yale mlangoni atachekwa na mji mzima. Angeweza pia kumwambia Bujiku, "Kiboksi changu kimeharibika, nisubiri niagize Mwanza." Maneno sita au saba tu. Badala yake akajipa moyo kwamba hii ni harusi ya kijijini, watashukuru kuona chochote. Jumapili asubuhi Bujiku alipopita kutoka kanisani, akamkabidhi diski kwenye bahasha nzuri, na akaibakiza kanda dukani kwa kuwa kijijini hawakuwa na deki yake.

Kuna jambo Davis hakulijua siku ile. Wiki mbili kabla ya duara kumfukia Donatus, Bujiku alikuwa amemzika binti yake wa miaka minne kwa homa. Misiba miwili ndani ya mwezi mmoja. Mwanamume mwenye akili timamu akiumizwa hivyo hutafuta pa kuushika mkia wa balaa, na Bujiku alikwenda kwa mpiga ramli. Yule mtu alitupa mawe yake, akala kuku wa watu, akasema: "Anayewamaliza mnakula naye sahani moja. Kabla mwezi haujaisha, utamwona kwa macho yako mwenyewe." Neno la namna hiyo halina mwenyewe, yeyote atakayetokea mbele linamkaa. Bujiku alilibeba kifuani kama kaa la moto, akawa analala nalo na kuamka nalo.

Basi Jumapili mchana ukoo ukakusanyika nyumbani kwa Bujiku, kijijini, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Runzewe. Wakaiweka diski. Donatus akatokea anacheka, wanawe wakapiga kelele. Kisha katika harusi akaja Apolonia wa zamani, amependeza, akamkumbatia bwana harusi. Na hapo giza likashuka. Uso wa Donatus ukafutika. Palibaki weusi mwekundu na madoa mawili, macho ya mama yule. Alipomwachia kijana, mwanga ukarudi. Alipomrudia tena kumtunza zawadi, giza likarudi. Bahati mbaya tu, ndugu zangu, sekunde kukutana na sekunde. Giza lile lilimshukia pia mchungaji, likawashukia ng'ombe na sufuria za pilau, lakini nani alikuwa anawatazama ng'ombe?

Apolonia mwenyewe alikuwa amekaa mkekani na wajukuu, hakuona ubaya wowote. "Kanda imechakaa kama mimi," akasema. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu asubuhi na mapema Bujiku alikuwa amesimama mbele ya meza ya Davis. Macho yalikuwa yamevimba. Dukani walikuwamo wanakwaya wawili waliokuja kuulizia video yao, na hao ndio waliomponza fundi, kwa maana mbele ya wateja kiburi huvaa suti.

"Fundi, nakuuliza kitu kimoja, na uniambie ukweli. Mashine yako inaweza kuongeza kitu ambacho hakimo kwenye kanda?"

Davis akaona kazi yake inakosolewa. Akatazama wanakwaya, akatazama kibao chake, akajibu kwa sauti ya kusikika. "Kaka, mashine yangu haina tatizo. Mashine haiongezi kitu. Kilichomo kwenye kanda ndicho kinachotoka."

"Kwa hiyo lile giza limo."

"Limo."

"Tangu siku ile ya harusi."

"Tangu siku ile."

Bujiku akampa mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi. "Asante, fundi. Ile kanda kaa nayo. Sitaki irudi nyumbani kwangu."

Akatoka. Davis akawageukia wanakwaya akitabasamu, ameokoa jina lake. Eunice alikuwa ameacha kushona. Alisubiri wateja waondoke, kisha akaja akasimama mbele ya mumewe, sindano bado iko mdomoni.

"Giza gani anauliza?"

"Si lile la kufuli? Anadhani mashine mbovu."

"Hakusema mashine mbovu. Ameuliza kama giza limo." Akaitoa sindano. "Nirudishie ile picha. Nionyeshe linaposhukia."

Davis akamwonyesha, huku akinung'unika. Ilipofika pale mama anapomkumbatia bwana harusi, Eunice akaweka mkono mdomoni. Yeye ni mzaliwa wa Maganzo. Akiwa darasa la tatu, bibi yake mzaa baba alikatwakatwa kwa mapanga shambani, akiitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu na ng'ombe wa jirani waliokufa. Yeye ndiye aliyempelekea uji akamkuta.

"Umemuua yule mama," akasema. "Nenda sasa hivi, Davis. Chukua deki, chukua runinga, kawaonyeshe kanda yenyewe. Waambie umedanganya."

"Eunice, dunia ya leo? Watu wana simu za kioo..."

"Nenda!"

Nasema haya kwa uchungu: kama angeinuka saa ile, tungekuwa tunasimulia kichekesho. Lakini kwenda maana yake ilikuwa kusema mbele ya kijiji kizima kwamba kibao chake ni uongo. Akasema atakwenda, ila amalize kwanza video ya kwaya. Akaimaliza saa kumi. Akasema sasa jua limeshuka, atakwenda kesho. Eunice alipiga simu kwa kila mtu aliyemfahamu upande ule, na wote walikuwa shambani pasipo mtandao. Alikataa kula na Davis siku hiyo.

Jumanne saa tatu asubuhi Davis alikuwa nyuma ya pikipiki ya Onesmo, bodaboda wa stendi, runinga ndogo imefungwa kwa mpira, deki na betri mgongoni kwenye begi, kanda kifuani ndani ya shati. Njia nzima alikuwa anajitungia maneno ya kujitetea. Walipovuka korongo la mwisho, wakasikia mwano. Msioujua mwano, ni ule ukelele mrefu wa hatari wanaopiga Wasukuma, unaopokewa nyumba kwa nyumba hadi kila mwenye nguvu atoke na silaha. Siku nyingine hupigwa kwa ajili ya mwizi wa ng'ombe. Onesmo akapunguza mwendo.

"Fundi, tugeuze."

"Twende!"

Apolonia alikuwa uani kwake, ameanika pamba kwenye turubai, anachambua majani makavu. Paskalina, mke wa Bujiku, alikuwa naye akimsaidia, na ndiye aliyesimulia mwanzo wake. Alisema Bujiku alikuja na wanaume saba. Mama alimwona kwa mbali, macho yake mabovu hayakuona panga. Akamwita kama alivyomwita tangu utoto. "Ng'wanone, mwanangu, umekula?"

Mmoja wa wale wanaume alimpiga teke akaangukia pamba. Wakamwambia atubu, ataje aliowamaliza. Akauliza, "Nimemmaliza nani?" Wakaanza na mawe. Paskalina akajitupa juu yake, mumewe akamvuta kwa nywele akamtupa ukutani, akazimia.

Hapo ndipo Davis alipofika. Aliona migongo ya watu, zaidi ya thelathini sasa, na mikono inapanda na kushuka. Aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. "Ni mashine!" akapiga kelele. "Bujiku! Ni mashine yangu! Nilidanganya!" Kelele za mwano zikammeza. Alipenya kwa viwiko na magoti hadi akamwona yule mama amepiga magoti kwenye pamba, damu inatiririka kutoka kichwani, mikono ameinua mbele ya uso. Bujiku alikuwa amesimama juu yake analia kwa sauti, analia kama mtoto, na panga likashuka. Vidole vya mkono wa kulia vikaanguka penye pamba. Likashuka tena, safari hii begani karibu na shingo.

Davis akaushika ule mkono wenye panga. Akampigia Bujiku yowe usoni, "Kufuli! Kanda ina kufuli! Mama hana kosa!" Bujiku alimtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Kisha rungu likampata Davis kwenye mkono, akasikia mfupa unavunjika, na la pili likampata mdomoni. Alianguka kando ya Apolonia, meno mawili kwenye ulimi. Waliendelea kukanyaga, wengine hata hawakujua wanamkanyaga nani. Mmoja alisema huyu ni mshirika wake, tummalizie. Kilichomwokoa ni Onesmo, aliyeingiza pikipiki katikati ya watu akipiga honi na kuwagonga.

Watu wakatawanyika. Uani wakabaki kuku. Apolonia alikuwa bado anapumua. Davis alijaribu kulibana lile jeraha la shingo kwa mkono wake mzima, damu ikamtoka kati ya vidole kama maji ya bomba bovu.

"Mama, ni mimi fundi. Nisamehe. Picha ilikuwa safi, Mama. Ulipendeza sana."

Midomo yake ilitikisika. Davis hakusikia neno. Alikufa hapohapo juu ya pamba yake, kabla jua halijafika utosini.

Polisi walimkamata Bujiku siku hiyohiyo, amekaa nyuma ya zizi na panga miguuni, hakukimbia. Watano wakakamatwa wiki iliyofuata, wawili wakapotelea machimboni mpaka leo. Davis alilazwa wiki tatu. Alipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kupanda ngazi kwa mkono mmoja na kukitoa kile kibao. Eunice alimshikia ngazi.

Siku ya kesi, ukumbi wa mahakama ulijaa watu wa kijiji kile. Kanda ililetwa kama kielelezo, na diski pia. Kwanza ikachezwa diski, na giza lilipomshukia Donatus nikaambiwa baadhi ya wazee waliguna na kutikisa vichwa, kama kusema mnaona? Kisha Davis akaamriwa kuchomeka deki moja kwa moja kwenye runinga. Akakosea tundu mara mbili.

Harusi ikafunguka upya. Apolonia akaja amependeza, na meno yake yote. Akamkumbatia Donatus, na mwanga ukabaki palepale. Uso wa kijana ulionekana wote, amefumba macho kwa furaha begani kwa mama yake mkubwa. Halafu ikaonekana sehemu ambayo kwenye diski ilizama yote. Mama yule anainama, miguuni pake kuna mtoto wa miaka kumi hivi, mnyonge, amevaa shati la kuazima, watu wazima wanamruka wakienda kwenye chakula. Anachukua mnofu kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, anaupulizia upoe, anamtia mdomoni. Mtoto anatafuna na kumwangalia. Anachukua wa pili, anamtia tena. Sahani inakwisha. Yeye mwenyewe hakula hata kipande.

Ukumbi mzima ulimjua yule mtoto. Paskalina, aliyekuwa amekaa mbele na wanawe wawili, alijifunika uso kwa khanga.

Wakili wa serikali akamuuliza Davis, "Shahidi, mshtakiwa alikuuliza kama mashine yako inaweza kuongeza kitu kisichokuwamo. Leo unajibu nini?"

Davis alitazama kizimbani. "Inaongeza, mheshimiwa. Iliongeza giza. Nilijua, nikakaa kimya."

Bujiku alikuwa hajaondoa macho kwenye runinga, japo ilikwisha kuzimwa. Hakimu, au sijui tumwite jaji, alimuuliza kama ana la kusema. Akauliza kwa sauti ndogo kama wanaweza kurudisha nyuma kidogo, pale kwenye nyama. Wakamkatalia. Akakaa chini, akaanza kujipiga kichwa kwenye ubao wa kizimba, pole pole mwanzoni, kisha kwa nguvu, hadi askari wawili wakamkamata na damu inamshuka machoni.

Sasa yuko gerezani na hatatoka leo wala kesho. Nyumba yake imebomoka ukuta mmoja. Paskalina amerudi kwao na watoto. Wana wa Donatus wamepoteza baba, bibi na baba mdogo katika mwaka mmoja. Pamba ile ilichomwa, hakuna aliyetaka kuigusa.

Davis bado ana duka, dogo zaidi. Sheria haikumkuta na kosa, na hilo ndilo linalomla. Mteja akileta kanda yenye kufuli, anaweka kamera mbele ya runinga na kuipiga hivyohivyo, kama Eunice alivyomwambia. Picha haitoki nzuri sana. Lakini watu wanawaona watu wao.

FUNZO

Ndugu zangu, msije mkanyosha kidole kwa Bujiku peke yake mkaenda kulala salama. Panga lile lilishikwa na mikono mingi. Wa kwanza ni mpiga ramli, aliyepanda shaka ndani ya nyumba yenye msiba akala kuku wake na kuondoka. Wa pili ni kijiji kilichopokea mwano bila kuuliza kosa ni nini. Na aliyelinoa ni fundi aliyeona aibu kusema, "Hapa nimeshindwa."

Wewe fundi, iwe ni wa picha, wa umeme, wa dawa au wa maneno, mtu asiyeijua kazi yako anakuamini kuliko macho yake. Ukimdanganya kulinda jina lako, hujui anakwenda kuutumia wapi uongo huo. Kusema "mashine yangu imeharibika" kunauma kwa dakika moja. Kunyamaza, mwulize Davis kunauma mpaka lini.

Na ninyi wenye misiba, lieni, lakini msitafute mtu wa kumlipiza. Duara hufukia kwa sababu halina magogo ya kulizuia. Homa ya mtoto ina zahanati. Macho mekundu ya mama yako ni moshi wa chakula alichokupikia. Kabla hujainua mkono juu ya mzee, kaa chini ukumbuke ni nani aliyekulisha ulipokuwa huwezi kujilisha, na kama hukumbuki, waulize waliokuwapo.